Shanta Jepesi, Pumzi Kamili: Mwongozo kwa Mpanda Milima Mwenye Apnea ya Usingizi

Watu wengi wakishaambiwa wana apnea ya usingizi na kupewa mashine ya kulalia, ile ya CPAP inayosukuma hewa ili koo lisizibe, huhesabu kwamba mambo ya kulala porini yamekwisha. Mashine ina waya, waya unataka soketi, na soketi haioti msituni. Wengine hufanya lililo baya zaidi: huiacha mashine nyumbani kwa kuwa "ni siku nne tu", kisha hao, wanapanda mlima.

Ipo njia ya tatu. Unaweza kutembea siku kadhaa na begi jepesi mgongoni na ukalala ukipumua vizuri, ila ugeuze namna ya kupanga. Wenzako hupanga safari kwa kilomita za mchana. Wewe panga kwa usiku. Kila utakapolala, jibu maswali manne kabla hujafunga begi: pana kimo gani, umeme uko wapi, nitalalia nini, na nani atakuwa karibu yangu? Ukiyajibu hayo, uzito wa mzigo utajipanga wenyewe.

Ijue apnea yako kwa tarakimu

Apnea ya wengi ni ile ya kuziba. Ukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa hufungwa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni kwenye damu hushuka, ubongo hushtuka, unavuta hewa kwa kishindo, kisha mambo yanaanza upya. Daktari huhesabu pumzi inakatika au kufifia mara ngapi kwa saa, na hesabu hiyo huitwa AHI. Kati ya 5 na 15 ni apnea ndogo, 15 hadi 30 ni ya wastani, kuanzia 30 ni kali.

Kabla ya safari, mwombe daktari akusomee mambo manne kutoka kwenye ripoti yako: AHI ya usiku mzima, AHI ukilala chali na ukilala ubavu, oksijeni hushuka hadi wapi, na mashine imewekwa kwenye presha gani. Hilo la pili wengi hawaliulizi, nalo ndilo la thamani kubwa kwa mtu wa kulala hemani. Wapo ambao AHI yao ya ubavuni ni nusu ya ile ya chali, au chini ya hapo. Mtu wa namna hiyo ana njia nyepesi ambazo mwenzake hana.

Kama apnea yako ni kali, au una ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au presha ya damu isiyotulia, mashine si jambo la kujadili: inakwenda nawe, na milima mirefu ingoje ruhusa ya daktari. Na kama hujapimwa, lakini mwenzako wa chumbani anasema unakoroma, unanyamaza, kisha unakurupuka kama mtu aliyekabwa, na mchana unasinzia kwenye daladala, pimwa kwanza. Mlima hauhami.

Chagua usiku kabla ya kuchagua njia

Linganisha njia mbili zinazojulikana.

Ya kwanza ni ile ya Usambara, kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba na Rangwi hadi Mtae. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na sehemu unazolala njiani ziko chini ya mita 2,000 au kuzunguka hapo. Unalala kwenye nyumba za wageni, kwa masista wa Rangwi, au hemani karibu na kijiji. Umeme upo sehemu nyingi, ingawa hukatika. Kwa mwenye apnea hii ni safari ya kuanzia: kimo hakikutesi, na betri moja hukuvusha usiku wa giza.

Ya pili ni njia ya Marangu ya Kilimanjaro. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720. Mashine nyingi za kusafiria zimethibitishwa na watengenezaji wake kufanya kazi hadi mita 2,400 au 2,600 tu. Maana yake, usiku wa kwanza kabisa umeshavuka mpaka wa mashine yako. Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon ni vivyo hivyo: Old Moses iko mita 3,300 na Shipton's iko mita 4,200. Hilo halisemi huwezi kwenda. Linasema hiyo ni safari ya aina nyingine, yenye sura yake huko mbele.

Unapopiga simu kuulizia malazi, usiulize "kuna umeme?" Utajibiwa "upo". Uliza: "Kuna soketi chumbani? Umeme unawaka usiku kucha, au ni sola ya taa tu?" Sola ya taa na simu haiendeshi mashine.

Hesabu ya betri

Mashine ndogo bila kifaa cha kuongeza unyevu hula kati ya wati 5 na 10, kulingana na presha. Hesabu ni hii:

1. Zidisha wati kwa saa unazolala. Wati 7 kwa saa 7 ni wati-saa 49.
2. Ongeza sehemu moja ya tano kwa umeme unaopotea kwenye waya na kibadilishi. Sasa unakaribia wati-saa 60 kwa kila usiku.
3. Geuza namba ya pawabenki iwe wati-saa: zidisha mAh kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Ya 10,000 mAh ina wati-saa 37. Ya 20,000 ina 74. Ya 27,000 inakaribia 100.

Kwa hiyo pawabenki ya wati-saa 100, yenye uzito wa gramu 600 hivi, inakupa usiku mmoja na zaidi ya nusu ya wa pili. Ukilala mara tatu mfululizo bila soketi, unahitaji mbili. Lakini usichukue hesabu yangu. Pima ya kwako. Presha yako ikiwa juu, au barakoa ikivuja, ulaji unapanda.

Angalia pia volti. Mashine nyingi hutaka volti 24, wakati tundu la USB-C la pawabenki ya kawaida hutoa 5, 9, 12 au 20. Nunua betri iliyotengenezewa mashine yako, au kibadilishi ambacho mtengenezaji amekiruhusu. Fundi wa simu akikwambia "tunaunganisha tu hizi nyaya, inapiga kazi", mshukuru uondoke. Utakuwa umelala, na kifaa hicho kiko sentimita chache kutoka usoni.

Kuchaji kijijini kuna siri moja. Kibanda cha kuchajia simu kina chaja za wati 5 au 10, na kwa hizo pawabenki kubwa itashinda hapo kutwa na isijae. Beba chaja yako ya haraka ya wati 45 au 65. Mapumziko ya chakula cha mchana yakivuta saa mbili tatu, unaondoka na betri iliyojaa au kukaribia. Mwachie mwenye kibanda kitu cha ziada. Umekula umeme wa simu nyingi.

Paneli ya sola ya kufunga mgongoni huvutia dukani. Kwenye msitu wa Magamba au ukungu wa mlimani ni mzigo. Inafaa pale tu mnapopiga kambi sehemu moja, kweupe, penye saa kadhaa za jua la adhuhuri.

Unayetoka Muscat, London au Toronto kuja kupanda, betri zote ingia nazo ndani ya ndege, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hupita. Kati ya 100 na 160 uombe ruhusa ya shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Zaidi ya 160 haziruhusiwi. Kuwa na barua ya daktari, na uliza kama mashine inahesabiwa kuwa kifaa cha tiba nje ya kilo zako, kwani mashirika mengi hufanya hivyo.

Mashine ipi, na nini kibaki nyumbani

Mashine ya CPAP ilianza na Colin Sullivan huko Sydney, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1981 akitumia injini ya kupulizia hewa ambayo hungeweza kuiita ya safari. Leo AirMini ya ResMed ina gramu 300, na Transcend Micro ina zaidi kidogo ya 200. Ongeza bomba, barakoa, adapta na betri moja, jumla inacheza kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Huo ndio uzito wa apnea yako: kama chupa kubwa ya maji.

Uzito huo urudishe kwingine. Jinzi moja inapita nusu kilo, acha. Viatu vya akiba viwe kandambili. Jiko na sufuria mpike pamoja na mwenzako. Taulo la bafuni libadilishe na kanga au kikoi, ambacho utakifunga, utajifutia na kukikunja kuwa mto.

Kifaa cha unyevu, tangi lake na bomba la kupasha joto viache. Ndivyo vinavyofyonza betri. Badala yake weka kichujio kidogo cha kuhifadhi unyevu kama mashine yako inakipokea, na upulize maji ya chumvi ya puani kabla ya kulala. Beba kichujio cha vumbi cha akiba: barabara ya udongo wakati wa kiangazi hukiziba kwa siku moja.

Ukinunua mashine iliyotumika, hakiki namba yake kwanza. Juni 2021 Philips ilirejesha mamilioni ya mashine kwa sababu ya sponji ya ndani iliyokuwa ikichakaa na kuweza kuingia kwenye hewa ya mgonjwa. Zilizouzwa mkono kwa mkono huenda hazikurudi kiwandani.

Usiku ndani ya hema

Kabla hujalala, fanya haya kwa mpangilio huu.

Mashine iweke juu ya kitu kikavu kilichoinuka, kwa mfano juu ya viatu vilivyolazwa au kifuniko cha sufuria, tundu la kuvutia hewa likielekea kweupe. Usiiingize ndani ya mfuko wa kulalia: itavuta hewa uliyokwisha kuitoa, na kitambaa kitaziba tundu. Betri ndiyo iingie, kwani baridi hupunguza nguvu ya lithiamu. Ilaze karibu na miguu, utoke waya tu. Na usiichaji alfajiri ikiwa kuna barafu nje. Ngoja ipate joto.

Bomba lipite juu ya kichwa, si kifuani. Likipita kifuani, ukigeuka linakunyonga, na utaamka barakoa iko shingoni. Usiku wa baridi hewa yenye unyevu hugeuka maji ndani ya bomba, na matone hukudondokea puani saa nane za usiku. Livishe soksi ndefu iliyokatwa ncha, au lifunike na kanga.

Barakoa ifute kwa maji yaliyochemshwa na sabuni laini ya mtoto, ukaushe kivulini wakati wa kiamshakinywa. Mafuta ya uso ndiyo huifanya ivuje, kwa hiyo nawa uso kabla ya kulala na usijipake mafuta mazito.

Jiko la mkaa lisiingie hemani wala kwenye chumba kilichofungwa, hata kama baridi ya Usambara inang'ata. Moshi wake usioonekana huua watu wazima wenye pumzi kamili; mashine yako itakupulizia hewa hiyohiyo.

Pombe hulegeza koo. Mbege ya Marangu itakungoja ukishuka. Vilevile dawa za usingizi, tramadol, kodeini, na hata Piriton ambayo wengi huimeza kila mafua yakibisha: zote zinaweza kuongeza usingizi mzito na kukaba pumzi. Pua ikiziba, tumia maji ya chumvi kwanza.

Njia zisizohitaji umeme

Kwa mwenye apnea ndogo au ya wastani, na kwa anayetaka kinga betri ikizima, kuna mambo matatu.

*Kulala ubavu.* Shona mfuko mgongoni mwa fulana, kati ya mabega, utie mpira wa tenisi. Ukigeuka chali unakuudhi, unarudi ubavuni bila kuamka. Mpira una gramu zisizofika 60. Lakini mafanikio yote yako kwenye unachokilalia: mkeka mwembamba utakuumiza nyonga, na nyonga ikiuma utageuka chali, mpira upende usipende. Hapa usibane gramu. Chukua godoro la kupuliza lenye unene wa kutosha, ulijaribu kwa kulala ubavu sakafuni. Nyonga isipogusa chini, limefaa.

*Kuinua kichwa.* Panga hema kwenye mteremko mdogo, kichwa kikiwa juu, na uweke begi chini ya godoro upande wa mabega. Mto peke yake haufai, kwani hukunja shingo na kubana koo zaidi.

*Kifaa cha taya.* Hiki huvaliwa mdomoni na kusogeza taya la chini mbele ili ulimi usirudi nyuma. Kina makumi machache tu ya gramu na hakijui TANESCO wala KPLC. Kinachofaa ni kile kilichotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa chako, na husogezwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anza miezi kabla ya safari, kisha urudie kipimo cha usingizi ukiwa umekivaa. Kutokukoroma hakutoshi kuwa ushahidi. Pumzi inaweza kukatika kimya.

Juu ya mita 2,500

Mlimani kuna adui wa pili. Oksijeni ikipungua, mwili unapumua kwa kasi. Kasi hiyo huondoa kabonidayoksaidi nyingi kwenye damu, na gesi hiyo ndiyo inayoamrisha ubongo uvute pumzi. Ikishuka mno, ubongo husahau kutoa amri na pumzi husimama ingawa koo liko wazi. Kisha oksijeni hushuka, unaanza tena kwa kasi. Hata wazima hupumua hivi Horombo na Kibo. Wewe unakuwa na apnea mbili, na mashine ya kusukuma koo lisizibe haitoshi kuiondoa hii ya pili.

Watafiti wa Zürich walilipima jambo hili kwa wagonjwa 51 wa apnea huko Davos, Uswisi, kwenye mita 1,630 na 2,590, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Waliotumia mashine pamoja na dawa ya acetazolamide, ambayo wapandaji huijua kwa jina la Diamox, walikuwa na oksijeni nzuri zaidi na pumzi iliyokatika mara chache kuliko waliotumia mashine pekee. Ongea na daktari kuhusu dawa hii mapema. Hukojoza, huwasha vidole kama sindano, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme kabla.

Hayo yalikuwa chini ya kimo cha Mandara. Kwa hiyo juu ya hapo nenda polepole kweli, chukua njia yenye siku nyingi, na lala chini ya ulikofika mchana. Usidanganywe na mashine inayowaka: hewa nyembamba inaweza kuifanya isifikie presha iliyoandikwa kwenye skrini. Kushindwa kupumua ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba kama mlevi au maneno kuchanganyika si apnea, wala si uchovu wa usingizi. Ni kushuka, usiku huohuo.

Wenzako na siku ya kurudi

Mwambie kiongozi na unayelala naye hema moja. Hahitaji mhadhara. Aonyeshwe barakoa inavyovaliwa, aambiwe akusukume ubavuni ukinyamaza muda mrefu, na ajue dalili za hatari za mlimani. Mkoromo ukijulikana mapema huleta utani. Ukigunduliwa usiku huleta ugomvi.

Kwenye Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, kwa hiyo taja betri zako unapolipia safari, si asubuhi ya mizani getini. Begi kubwa mpe mpagazi, lakini barakoa, mashine na betri vikae kwenye begi lako dogo, ndani ya mfuko usiopenya maji. Mzigo unaweza kuchelewa au kunyeshewa. Pumzi yako isichelewe nao.

Kama ulilala hata mara moja bila tiba, usishike usukani siku ya kurudi. Mashine ikiachwa, pumzi huanza kukatika tena mara moja, na barabara ndefu ya Segera kwenda Dar es Salaam haina huruma na anayesinzia.

Jaribio la sebuleni

Wiki mbili kabla ya kuondoka, zima swichi ya chumba. Tandika godoro la safari sakafuni, ingia kwenye mfuko wa kulalia, vaa barakoa, chomeka betri, ulale. Fanya hivyo usiku wa pili bila kuchaji. Asubuhi soma kwenye programu ya mashine: AHI ngapi, barakoa ilivuja kiasi gani, betri ilidumu saa ngapi. Ukitegemea mpira wa tenisi au kifaa cha taya, vaa kipima oksijeni cha kidoleni kinachohifadhi kumbukumbu na umpelekee daktari.

Kisha amua kwa tarakimu hizo, si kwa hamu. Tiba ikishikilia mpaka asubuhi, funga shanta. Ikishindwa, fupisha njia, ongeza betri au shusha kimo. Betri ikiwa ya kuzima saa tisa za usiku, ni heri izime sebuleni kwako, hatua tatu kutoka kwenye soketi.